Nilivyowekesha Kambare wa Mama Zarina

Siku moja, mwanangu, na siku hiyo hainitoki kichwani hata kama miwani yangu siku hizi naitafuta nikiwa nimeivaa, nilisimama mbele ya tangi la kioo sebuleni kwa watu, hapa hapa Singida mjini, nikawa namtazama samaki mdogo mwenye sharubu. Naye akanikonyeza.

Najua mnavyonisema, kwamba Bibi Salome akianza kusimulia lazima atie chumvi. Hapa sijatia hata punje. Samaki wengi macho yao yako wazi tu, hayana habari na mtu. Lakini hawa kambare wadogo wa kufugwa ndani huligeuza jicho chini mara moja, likazama na kurudi, na asiyewajua ataapa kwamba amekonyezwa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka Ilongero, sijamaliza hata mwaka mjini, na kukonyezwa nilikuwa nakujua kwa vijana wa stendi tu. Nikaona nisiwe na maringo, nikamkonyeza na mimi.

"Salome, unacheka na nani humo ndani?" Mama Zarina akaniuliza kutoka dukani.

Huyu Mama Zarina ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Alikuwa wa ukoo wa wale Waislamu wenye asili ya Kihindi waliofungua maduka mjini hapa tangu enzi za babu zao, na Kiswahili chake kilikuwa cha Singida kama changu. Duka lake lilikuwa la vitambaa, nyumba iko nyuma ya duka, na mimi nilikaa barazani na cherehani. Mteja akishanunua kitambaa ndani anatoka nacho nje, nampima, namshonea. Mumewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijafika. Binti yake Zarina alikuwa ameolewa Dar es Salaam. Kwa hiyo humo ndani alibaki yeye na kambare sita.

Kambare hao walikuwa wa marehemu mumewe. Aliwaagiza kutoka Dar, wakaja kwa basi ndani ya mfuko wa nailoni uliojazwa maji nusu na hewa nusu. Usifikirie kambare wale wa kukausha wanaouzwa sokoni. Hawa hawazidi kidole changu cha mwisho, mwili mgumu mbavuni, madoa meusi mgongoni, na sharubu fupi mdomoni ambazo hazitulii. Kutwa nzima wako chini, wanapekua mchanga. Mara mmoja anapanda juu kwa kasi, anameza hewa, anarudi chini kwa wenzake. Mara ya kwanza kuona hivyo nilidhani anazama, nikataka kuingiza mkono nimwokoe. Na kila walichofanya walikifanya pamoja. Mmoja akihama kona, wote wanahama. Wakipumzika wanalala ubavu kwa ubavu juu ya mchanga.

Sasa, Mama Zarina alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kitambaa alikijua kwa kukipapasa, mteja alimjua kwa sauti. Kambare wake aliwaona kama vivuli vinavyopita. Hata siku walipoletwa, aliniambia, ukungu ulikuwa umeshaanza, na mumewe alikuwa akikaa pembeni yake kumweleza: huyu ana madoa matatu, huyu mkia umekatika kidogo, huyu mvivu. Yeye anasikiliza tu na kuitikia.

Ndipo Zarina akampatia nafasi ya kupasuliwa macho huko Dar. Wiki tatu, akiondoka bila jicho hata moja na kurudi na yote mawili, yeye mwenyewe alitania hivyo. Asubuhi ya kuondoka akanishika mkono, akanipeleka mbele ya tangi, akanipa ufunguo wa nyumba.

"Chakula kidogo, Salome. Unachoshika kwa vidole viwili, mara moja kwa siku, basi. Duka litakaa limefungwa, wewe endelea na kazi yako barazani. Nikirudi, kabla sijanywa hata maji, nataka kuwaona hawa. Mzee kanisimulia madoa yao miaka mitatu. Safari hii nataka niyaone mwenyewe."

Nikamwambia, "Nenda salama Mama, utawakuta." Nilisema kwa kifua mbele, mwanangu. Mtu aliyelelewa katikati ya ng'ombe atashindwaje na samaki sita wasiojaza hata sahani moja?

Siku ya kwanza nikawapa cha vidole viwili. Wakakimaliza, wakaendelea kupekua mchanga. Siku ya pili vile vile. Nikawa nikienda kuwatazama saa ya chai nawakuta wanapekua, saa ya chakula wanapekua, saa ya kufunga kazi wanapekua. Roho ikaniuma. Kwetu hatulishi mgeni kwa vidole viwili. Nikasema huyu mama haoni vizuri, pengine hajui kama watoto wake wanashinda njaa. Nikaongeza kiganja. Kesho yake nikatia na punje za wali, na keshokutwa kipande cha ugali nilichokivuruga vizuri kwa kuona ninawafanyia jambo jema.

Siku ya sita nikafungua mlango, sebule ikanuka. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Watano walikuwa wamejikusanya kona moja wanapanda na kushuka kumeza hewa, na wa sita amelala ubavu juu ya mchanga, tumbo limegeukia kioo. Nikagonga kioo kwa ukucha. Hakutikisika.

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Sikulia kwa ajili ya samaki, nitakuwa mkweli. Nilimlilia yule mama ambaye wakati huo amefungwa bandeji huko Dar, gizani kabisa, akihesabu siku za kuja kuona madoa. Nikamzika yule kambare kwenye kopo la maua uani. Kisha nikaanza kufikiri, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

Inabidi nikueleze jambo la kwetu, maana nyinyi mliozaliwa mjini ng'ombe mnamjua kwenye bucha. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, lakini ukija nyumbani kwetu Ilongero usingewaona wote. Zizini walikuwa wachache. Wengine alikuwa amewawekesha: wawili kwa shemeji yake, watatu kwa rafiki yake, mmoja mwekundu kwa Mzee Mughenyi kule Ikungi. Yule aliyewekeshwa anawatunza, anakunywa maziwa, samadi inakwenda shambani kwake, na ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia zizi moja, au ukame ukipiga upande mmoja, mtu habaki mikono mitupu. Niliona kwa macho yangu mwaka mmoja maradhi yakifagia mazizi ya majirani pamoja na letu, na baba akarudishiwa mbegu kutoka kwa aliowawekesha, tukaanza upya. Tangu hapo niliamini hakuna akili duniani inayozidi hiyo.

Basi nikajisemea, Salome, ugonjwa umeingia zizini. Watawanye.

Nikachukua wavu mdogo wa marehemu, nikamvua wa kwanza. Miiba ya mapezi yake ikanasa kwenye nyuzi, nikahangaika kumnasua. Waliofuata nikawachota kwa kikombe cha chai. Wa kwanza nikampelekea Hamisi, fundi viatu aliyekaa baraza ya pili, akamtia kwenye chupa ya jemu. Wa pili nikampa Mama Neema aliyekuwa anapika chai na vitumbua ng'ambo ya barabara, akamtia kwenye bakuli la kioo. Wa tatu nikampa Juma, fundi redio. Wa nne nikampelekea Mwalimu Kitundu, mtu wa Iramba, mpole, mteja wetu wa suruali, akamweka juu ya kabati lake la vitabu. Wa tano nikamwacha kwenye tangi. Nilimbadilishia maji nusu, nikaona yanatosha.

Na kila niliyempelekea nilimpa uongo ule ule: "Mama Zarina amesema umtunzie huyu mmoja mpaka arudi, ameona wewe ndiye mwangalifu." Uone watu wanavyopenda kusifiwa. Hamisi alivuta kabisa shati lake kulinyoosha.

Usiku huo nililala vizuri, nikijiona mimi ni mtoto wa baba yangu. Kesho yake yule wa tangini alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe. Nikatia chakula, safari hii cha vidole viwili, hakutoka. Siku ya pili hakutoka. Siku ya tatu nikapiga magoti, shavu nimeligandisha kwenye kioo, nikamwona amelala pale pale, rangi imefifia, sharubu zimetulia. Hapekui, hapandi kumeza hewa mpaka nimechoka kungoja. Wala hakunikonyeza tena.

Nikaenda kwa Hamisi. "Wako anaendeleaje?"

"Mzima kabisa. Anakula kunizidi mimi."

Nikavuka kwa Mama Neema. "Wako je?"

"Huyu? Amenenepa, mwanangu, nimemzoea hata sijui nitamrudishaje."

Juma akaniambia wake anacheza. Mwalimu Kitundu akasema anaendelea vyema, akabadilisha mazungumzo, akaniuliza habari za suruali yake. Nikarudi barazani moyo mzito. Kumbe wote wanaweza, mwenye mkono mbaya ni mimi peke yangu. Na hilo nalo sikumwambia mtu. Nikawa nacheka na wateja, nasalimiana na Hamisi kila asubuhi hatua tano kutoka nilipokaa, na ndani nimejaa. Siku hizo nilimshonea mtoto mmoja kaptula ya shule mifuko ikatokea nyuma. Mama yake alipokuja kuichukua aliitazama, akanitazama, akaniuliza kama mtoto wake ndiye amegeuka au ni mimi.

Zikapita siku kumi. Ndipo kondakta wa basi la kutoka Dar akaniletea barua. Zarina aliandika kwamba bandeji imetolewa, mama anaona vizuri mpaka anawasumbua kwa kusoma vibao vyote vya barabarani, na Jumamosi atafika Singida. Siku niliyoipokea ilikuwa Alhamisi.

Niliikunja ile barua nikaiweka chini ya cherehani, nikaanza kuwaza kukimbia kwenda kwetu nikasingizie homa.

Sikupata nafasi ya kukimbia, maana mchana huo huo baba alifika. Alikuwa ameleta alizeti mjini kwa baiskeli, akapita kunisalimu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Nikasema ni kazi. Akaomba maji, nikamkaribisha sebuleni kwa kuwa ufunguo ninao. Akanywa, akaangaza macho, akaliona tangi. Alikuwa hajawahi kuona kitu hicho maishani mwake. Akavua kofia, akainama akimtafuta aliyemo, mpaka akamwona nyuma ya jiwe.

"Huyu yuko peke yake tangu lini?"

Nikashindwa kujizuia, nikamweleza yote. Na nitakukiri, sehemu ya kuwatawanya niliisema kwa majivuno kidogo, nikitazamia aniambie vizuri binti yangu. Nilimwambia, "Nilifanya kama wewe, baba. Nimewawekesha."

Akakaa kwenye kiti. Akaniuliza pole pole, kama mtu anayemuuliza mtoto alipoangusha kisu.

"Yule ng'ombe wangu mwekundu nilimpeleka kwa nani?"

"Kwa Mzee Mughenyi."

"Zizini kwa Mughenyi kulikuwa na nini?"

"Ng'ombe."

"Wengi au wachache?"

"Wengi, baba."

"Haya. Huyo Hamisi wako ana kambare wangapi?"

"Huyo mmoja tu, baba."

"Na huyo mpika chai? Na mwalimu?" Akatikisa kichwa. "Salome, mimi ng'ombe wangu simtoi katika kundi. Namtoa kundi hili namtia kundi lile. Siku ya kwanza analia, siku ya pili ananusana na wenzake, siku ya tatu anakwenda nao malishoni. Ukimfunga mmoja kwenye boma tupu atagoma kula na majani umemjazia mpaka magotini. Wewe hukuwawekesha hawa. Umewatenga. Kwetu mtu hutengwa akiwa ameua au ameroga. Hawa wamefanya nini?"

Akainuka kitini. Akaweka pua juu ya maji ya tangi, akakunja uso. "Na zizi hili hujalisafisha. Mnyama akiugua kwenye uchafu, unaanza na uchafu." Kisha akakunja suruali yake ya safari, huyo mzee aliyeendesha baiskeli tangu alfajiri, akasema, "Leta ndoo. Halafu nenda ukawarudishe."

Nikaenda kwanza kwa Hamisi. Nikasema, "Hamisi, nilikudanganya. Mama Zarina hakunituma. Mmoja alinifia mikononi, nikaogopa, na huyu wangu naye anakufa. Nipe wako niwaweke pamoja."

Hamisi akanitazama. Kisha akainama, akaitoa ile chupa chini ya benchi, nyuma ya rundo la soli, ameifunika kwa kitambaa. "Salome," akasema, "huyu hajala tangu umlete. Nimempa kila kitu, mpaka kashata. Nilikuwa sijui nitakuambia nini."

Tukavuka wote wawili kwa Mama Neema. Aliposikia akafuta mikono kwenye kanga, akakaa, akaanza kulia. Wake alikuwa na hali mbaya kuliko wote. Alidhani anakumbuka ziwa, kwa hiyo asubuhi hiyo alikuwa ametuma achotewe maji Ziwa Kindai, chupa nzima iko pale, amemwongezea kijiko kimoja na alikuwa anajiandaa kumwaga yote. Wewe unajua maji ya Kindai yalivyo na chumvi. Tungechelewa kidogo angemkoleza kama mboga. Mwalimu Kitundu tulimkuta ana barua mezani, ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa kumwomba Mama Zarina msamaha, bado kutia sahihi. Na Juma, huyo ndiye alikaribia kweli kuliko sisi wote. Wake alikuwa kwenye bakuli katikati ya redio mbili zilizofunguliwa. "Nilimwona kama mpweke," akasema, "nikasema asikie watu wanaongea."

Tukarudi dukani kwa mstari, kila mtu ameshika chombo chake kwa mikono miwili, tunatembea kwa hadhari maji yasimwagike, Hamisi mbele na chupa ya jemu. Watu wa barabara ile walisimama kututazama. Mmoja akauliza ni maandamano ya chama gani.

Baba alikuwa ameshatandika beseni kubwa uani, kivulini, lina maji safi yaliyokaa kwenye ndoo tangu asubuhi kwa ajili ya kufulia. Tukawatia mmoja mmoja, pamoja na yule wa tangini. Kila mmoja akazama, akakaa alipofikia, watano, kila mtu na upande wake, kama wageni kwenye hoteli. Sisi tumeinama juu ya beseni, vichwa sita, hakuna anayepumua. Nikasema basi, nimechelewa.

Yule wa Juma akajongea. Kidogo tu. Akaenda mpaka kwa wa Mwalimu, akamgusa kwa sharubu ubavuni, akatulia pembeni yake. Wa Hamisi akafuata. Baba alikuwa ananisaidia kusugua mchanga, na kila mara nikiinua kichwa nakuta mwingine amesogea. Mama Neema alipoleta chai na vitumbua vilivyobaki, watano wote walikuwa kundi moja unaloweza kulifunika kwa kiganja. Kisha mmoja akashusha mdomo chini ya beseni akaanza kupekua, na wenzake wakaanza. Mama Neema akalia tena, safari hii akiwa na kitumbua mdomoni. Mimi niliangua kicheko mpaka nikakaa chini. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena, pengine siku ya kuzaa mtoto wangu wa kwanza, na siku hiyo nilikuwa nimechoka mno kucheka.

Ijumaa tukawarudisha kwenye tangi safi. Jumamosi saa kumi jioni Mama Zarina akashuka kwenye teksi, miwani mikubwa ya giza usoni, hakushika ukuta, hakushika mkono wa mtu. Akapita dukani moja kwa moja. Hakunywa maji. Akavua miwani, akapiga magoti mbele ya kioo, na mimi nimesimama nyuma yake.

Akawatazama kwa muda mrefu. Nikaona bega lake linatikisika, nikajua analia. Akasema, kama anaongea na mwingine, "Kweli, matatu. Na huyu mkia umekatika." Akaanza kuhesabu kwa kidole. Akafika watano, akahesabu tena.

Ningeweza kusema alikufa kwa uzee. Nilikuwa nimelitayarisha hilo neno tangu Alhamisi. Lakini nilikumbuka chupa chini ya benchi na barua ya Mwalimu, nikaona nimechoka na mambo ya kufunika. Nikamweleza, kuanzia kiganja cha chakula mpaka maandamano. Nilipofika kwenye kuwekesha alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. Akasimama, akanigeukia.

"Samaki kufa sikukasirikii, Salome. Mzee aliua kumi kabla hajawajua hawa. Nakukasirikia jambo moja. Mlikuwa watu watano baraza moja, barabara moja. Mnasalimiana kila asubuhi. Kila mmoja anaumia kwa jambo lile lile, na hakuna aliyefungua mdomo. Kila mtu alikuwa kwenye chupa yake. Ungemwambia hata Hamisi peke yake siku ya kwanza, pengine hao wote wangerudi siku ya pili."

Nikainamisha kichwa. Akanishika kidevu, akakiinua, akanivuta mpaka mlangoni penye mwanga, akanitazama usoni kwa yale macho yake mapya.

"Muda wote huu naijua sauti yako tu," akasema. "Kumbe ndiwe huyu. Kumbe una mwanya."

Nikalia mimi. Alinikemea na kunipokea kwa wakati mmoja, na mpaka leo nikimkumbuka, Mungu amrehemu, namwona hivyo, amesimama mlangoni amenishika kidevu.

Sasa nisikilize, nikupe nilichokusudia kukupa. Ukitaka kufuga hawa kambare, na siku hizi naona vijana mnawaagiza kwa simu wanakuja na basi kama vifaranga, chukua sita au usichukue kabisa. Usinunue mmoja kwa kuwa ni mzuri. Uwape kidogo, usafishe kwao, uwaache wapekue. Ile siyo njaa, ndiyo kazi yao.

Lakini sikukuita hapa kwa ajili ya samaki tu. Utapangiwa kazi mbali, Kintinku au Kigoma, na ni vizuri kwenda, baba yangu alitawanya ng'ombe maisha yake yote wala hakukosea. Ila usiende kukaa kwenye boma tupu. Ukifika, kabla hujatandika hata kitanda, toka nje uwasalimu watu, ingia kwenye kwaya, kwenye msikiti, kwenye kikundi cha kuzikana, popote penye kundi wanapoweza kukunusa wakakuzoea. Chumba chenye televisheni na mlango uliofungwa ni bakuli lenye redio mbili, na Juma alikuwa na nia njema lakini samaki hakula.

Na siku utakapoharibu, maana utaharibu, mwanangu, sisi wote tumeharibu, mtafute mtu mmoja umwambie kabla jua halijazama. Usimwambie aliye mbali atakayekuonea huruma, mwambie yule wa hatua tano. Utashangaa kukuta naye ana chupa chini ya benchi. Ukimwona mwenzako amejibanza, haonekani, hacheki tena, usimpelekee chakula ukaondoka ukaona umemaliza. Kaa. Mpelekee watu.

Haya, nenda, nami nimemaliza. Mungu akupe riziki ya mikono yako na afya ya macho yako. Akupe majirani wanaoingia bila kualikwa wakakukuta hujafagia, na bado wakakaa. Ukilia, asikosekane wa kukusikia; ukicheka, asikosekane wa kukuuliza unacheka nini. Na popote utakapotandika kitanda chako, mwanangu, pasikosekane mtu ambaye usipotoka nje asubuhi, atakuja kugonga.